Wanataka Salama Avuke Umri Wangu Kwanza

Bagamoyo, Jumanne, mwezi wa Shaabani, 1303. Mvua ya masika haijakatika tangu alfajiri. Paa la jikoni linavuja, nimetega sufuria chini yake. Nina hasira hata kalamu inachana karatasi.

Bi Mwajuma amekuja leo. Ndiye mshenga aliyeleta posa ya binti yangu Salama, kutoka kwa wauza sandarusi, ile gundi ya miti, wa mtaa wa Dunda. Nikamtandikia mkeka, nikampa kahawa, nikidhani tutapanga siku ya nikahi kabla ya Ramadhani. Akanywa, akafuta midomo, akawa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Hawakatai, dada yangu," akasema. "Wanaomba wangoje tu, mpaka binti avuke umri ule yalipokushika wewe."

Umri ule! Mimi nilikuwa na miaka thelathini hivi. Salama ana kumi na saba.

Sifichi, mji mzima unajua. Nilipomzaa mwanangu wa pili, kabla ya arobaini kwisha, akili iliniruka. Sikulala. Nilisema mtoto nimebadilishiwa, nikakataa kumnyonyesha, mama yangu akampeleka kwa jirani mwenye maziwa. Watu walikuja kunitazama wakijidai wanaleta uji. Kabla mtoto hajatambaa, nikapona. Sasa yuko chuoni anasoma Kurani, na akirudi ananililia njaa kama mtoto yeyote.

Na mimi yalinijia kwa uzazi. Salama atapimwaje bila kuzaa? Na azae na nani, kama mume anangoja?

Linalonichoma zaidi ni hili. Salama alipokuwa mchanga alishikwa na degedege mpaka macho yakageuka. Hakuna anayemtia doa kwa hilo. Mtoto, walisema, atakua. Babu wa huyo bwana harusi alipima sandarusi kwa mkono uliotulia mpaka mvi zilipomjaa, na sasa mikono inatetemeka, kikombe anashikiwa na wajukuu. Uzee, wanasema, na mkono huo huo wanaubusu. Yangu yalinikuta katikati ya umri, nina nguvu zangu na mtoto kifuani, basi yakaitwa ila ya ukoo.

Hujafa hujaumbika. Kila matanga wanaisema, wakifika mlangoni wameshaisahau.

Nikamwambia Bi Mwajuma awafikishie salamu zangu. Na sisi tumeridhia kungoja. Tungoje mpaka kijana wao afike umri wa babu yake, tuitazame mikono kama imetulia, ndipo tufunge nikahi. Bi Mwajuma akacheka mpaka ukaya ukamdondoka kichwani, kisha akaona mimi sicheki. Nikampa na kile kisutu, nguo ya bibi arusi, walicholeta siku ya posa, akirudishe.

Salama alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote.

Hakulia. Alitoka akaniuliza, "Mama, kweli yatanijia?"

Hasira zote zikanitoka, nikabaki na woga. Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia sijui. Nilipomzaa yeye hayakunijia, nilipomzaa nduguye yakanijia, na anayedai kujua sababu aje anieleze na mimi. Ninachojua ni kwamba yakija atanikuta mimi, na sitakwenda kumtazama kwa kisingizio cha uji.

Akaenda kumwaga maji ya sufuria. Nikajiuliza kama nimemtetea mwanangu au nimemfungia mlango, maana kijana yule alimpenda, naliona hilo. Bado najiuliza.

Aliporudi akakaa karibu yangu, akaniomba nimweleze ilikuwaje siku zile, ndani yangu, si kwa midomo ya watu.

Miaka yote hii watu wameniuliza yalinishika nikiwa na umri gani. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza yaliniuma wapi. Nikamwomba anipe usiku huu niyapange maneno. Kesho, inyeshe isinyeshe, nitamweleza.