Bili ya Maji ya Mwezi wa Tano

3 Mei

Mpenzi wifi yangu,

Salamu nyingi. U hali gani? Na hiyo cherehani yako bado inakata nyuzi, au umeipigia kelele mpaka imetii? Huku watoto wazima. Mimi nikisema mzima nitakuwa nakudanganya.

Kaka yako hajarudi tangu Jumamosi. Alitoka kama anakwenda kazini kwenye ghala la dawa, kutengeneza yale majokofu yake, lakini sanduku la spana nimelikuta uvunguni. Unamjua. Mtu huyu anaweza kusahau viatu, spana hasahau. Simu yake imezimwa. Yako nayo haiingii, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa basi la asubuhi, kwa kuwa ni jirani yako.

Yuko kwako? Niambie kwamba yuko kwako, ameninunia, nami nitacheka. Naogopa, wifi. Mtu akibisha hodi nashindwa hata kuuliza ni nani.

Wifi yako,
mama watoto


6 Mei

Wifi mpenzi,

Barua nimeipata. Mimi sijambo, mgonjwa ni cherehani. Simu yangu imevimba betri, nimeiweka kando.

Kaka hajafika hapa. Lakini tulia, usijipandishie presha bure. Wanaume wana vichwa vyao, huenda kapata kibarua mahali akaona aibu kuaga. Nakuomba jambo moja tu: usizunguke na picha yake, usiende redioni kutangaza. Wakikuuliza, sema amesafiri.

Wabusu watoto. Na usiniandikie mara kwa mara, dereva atatuchoka.

Wifi yako,
mshonaji


23 Mei

Wifi yangu,

Hujambo? Najua umenikataza kuandika. Nimeshindwa.

Leo nimefungua sanduku la posta. Unakumbuka kaka yako na mambo yake ya benki: kila mwezi lazima karatasi ya akaunti ije, aikague kwa kalamu nyekundu kama mwalimu wa hesabu. Basi imekuja, na mimi ndiye niliyeikagua. Jumamosi aliyopotea alitoa karibu kila kitu. Halafu kimya. Halafu, tarehe kumi na mbili, amelipa bili ya maji!

Ya nani? Yetu tunadaiwa, nusura wakate. Nikaenda idara ya maji na namba ya mteja iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Dada wa dirishani akaitafuta, akasema si ya mji huu, ni ya huko kwenu. Jina akakataa kunitajia.

Kwa hiyo yu hai. Nililia pale dirishani mpaka mlinzi akaniletea kiti. Kisha nikapandwa na hasira, kwamba kuna mwanamke huko anaoga kwa pesa zangu. Nilipofika nyumbani hofu ikanirudia upya, maana mwenye kadi yake sasa anaweza kuwa si yeye.

Afadhali nimepata wa kunisaidia. Kuna bwana mmoja kutoka ofisi ya lile ghala, mpole sana, ameshakuja mara kadhaa. Anasema wana mshahara wake uliobaki, na wana watu wanaojua kufuatilia mambo. Karatasi yoyote ya benki nitakayopata nimwonyeshe. Keshokutwa anakuja kuchukua nakala.

Wifi yako,
mama watoto


24 Mei

Wifi,

Salamu nitakupa siku nyingine. Usimpe huyo bwana ile karatasi. Ichome sasa hivi.

Maji ni yangu. Kaka yuko hapa, chumba cha nyuma, tangu wiki ile ile aliyoondoka. Majokofu ya ghala yalizimika siku nyingi, chanjo na dawa zikaharibika, wakamtaka asaini kwamba hayajawahi kuzimika. Akagoma, akawaambia wakaguzi. Fundi mwenzake aliyegoma naye alikutwa amekufa mtaroni. Ndipo kaka akakimbia. Nilikudanganya kwa sababu alinibembeleza, na kwa sababu usichokijua hawawezi kukukamua.

Hiyo bili ni hivi. Mkata maji alikuja nikiwa kazini, akaanza kufungua mita. Kaka alikuwa anamsikia dirishani. Unamjua, hawezi kukaa kwa mtu, ale, alale, halafu akatiwe maji mbele ya macho yake. Akavaa kofia, akatoka hadi kwa wakala wa benki pale kona, akalipa kwa kadi, maana pesa alizotoa nilizifungia mimi kabatini. Nilipojua nilimfokea kama mtoto. Akasema, "Mdogo wangu, ni maji tu."

Hakuna mwanamke. Anayeoga ni mimi.

Wifi yako,
mshonaji


25 Mei

Wifi yangu,

Barua yako imefika jioni. Yule bwana alikuja asubuhi.

Nilimpa nakala. Kwa mkono wangu mwenyewe nilipiga mstari chini ya ile namba, nikamtajia na mji, ili asipate taabu. Alinishukuru sana. Akauliza kama kaka yako ana ndugu huko. Nikasema anaye dada. Wifi, nilikusifia mpaka ushonaji wako.

Tokeni. Msifunge hata mizigo. Basi haliondoki mpaka kesho, na simu zenu nimezipiga mpaka kidole kinauma. Watoto nimewapeleka kwa mama. Nisamehe mwandiko, naandika mbio.

Mwambie mume wangu nilikuwa namtafuta. Ndilo kosa langu, nilikuwa namtafuta tu.

Wifi yako,
mama watoto


27 Mei

Wifi,

Dereva amenirudishia barua yangu, haijafunguliwa. Anasema getini pana kufuli, na nguo zimeachwa kwenye kamba. Jirani mmoja anaapa aliwaona wawili mkiondoka kwa miguu tangu juzi, wewe umejitwisha cherehani. Mwingine anasema yeye aliona gari. Nimemuuliza dereva nimwamini yupi, akasema nimuulize Mungu.

Leo yule bwana amerudi. Nilipomwona mlangoni nikajua amekuja kuniambia mmepatikana. Akakaa. Akaniuliza kama nimepata barua yoyote, kama kuna karatasi nyingine imekuja. Nikamtazama usoni, na ikanichukua muda kuelewa alichokuwa ananiuliza. Hajawapata.

Nikamwambia sina habari yoyote. Nikamwongezea chai, nikalia kidogo kama mke aliyeachwa. Amesema atapita tena.

Barua hii simpi dereva wala mtu yeyote. Mkiwa hai, msiniandikie. Msilipe chochote, hata wakija kukata maji. Nitaamka kila siku na kwenda posta, na nikikuta sanduku tupu nitamshukuru Mungu.

Wifi yako,
mama watoto