Kazi Yako Imetangazwa, Shangilia!

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka hapa mjini Katy, za mtu anayewapoza maprofesa wote wa Houston! Bila fundi wa viyoyozi kama mimi wangeyeyuka. Mama yako mdogo hajambo, anakusalimu.

Unauliza kwa nini chuo chako huko Dallas kimetangaza kazi yako, je, unafukuzwa? Shangilia, mwanangu! Wanakuombea ukaazi wa kudumu! Sheria inawataka kwanza waitangaze, waone kama yupo Mmarekani wa kuifanya. Tangazo langu lilipobandikwa ukutani nilicheka, nikamwambia bosi, "Tafuteni, mzee! Hamtampata!" Wakatafuta Texas nzima, wakarudi kwangu wenyewe. Basi wewe tulia, fundisha, na karatasi yao usiiguse.

Kusema kweli, yangu niliibandua kwa woga nikaificha garini. Ikabidi wabandike nyingine, waanze kuhesabu upya zile siku kumi za kazi ambazo lazima ikae ukutani.

Baba yako mdogo