Vidonge Tulivyogawana

Jumatano, Julai. Mlima Meru umefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na baridi hii haina huruma. Hata hivyo nimefungua dirisha la hii kafe ya intaneti ili hewa ipite. Kaka mwenye kafe ananiangalia vibaya. Sijamwambia sababu.

Nina TB. Huu ni mwezi wa tatu niko kwenye dozi.

Leo nilifuata majibu ya makohozi kliniki. Nilijua yatakuwa safi, maana nimenenepa na homa imeniacha. Nesi akasema wadudu bado wamo. Akageuza kadi yangu, kila siku ina alama ya vema.

"Mama Neema, dawa umemeza zote?"

Nikasema ndiyo.

Uongo mtupu.

Anayeniwekea hizo alama ni mama mkwe wangu, aliyetoka kijijini Kikwe kuja kunisimamia nimeze. Naye anakohoa. Hospitali hataki, anaogopa watu watasema ana ukimwi. Basi kila asubuhi, katika vidonge vitatu, mimi nameza viwili, yeye kimoja. Niliona ni upendo. Tulicheka hata, dawa ilipougeuza mkojo wake rangi ya chungwa: "Mwanangu, leo nimekojoa soda ya machungwa!"

Nesi akanieleza, bila kujua ananichoma. Wadudu wa TB hawafi wote kwa mara moja. Wengine wanajikunyata, wanalala, dawa inawapita. Ndiyo maana dozi ni ya miezi mingi. Ukiwapa dawa pungufu, wanyonge wanakufa, wabishi wanabaki na kuzaana, na hao watoto wao dawa ile haiwatishi tena. Ukifika hapo, unameza kidonge kama unameza ugali.

Na mimi namnyonyesha Neema, nampumulia usoni kila siku.

Nilifika nyumbani Lemara. Nikamwambia mama mkwe yote. Akafoka: "Unataka Kikwe nzima initangaze?"

Sijawahi kumjibu mkwe wangu. Leo nimemjibu. "Mama, tukifa wote wawili, Neema atalelewa na nani?"

Akampa mtoto mgongo, akakohoa ndani ya kanga. Kisha akauliza, taratibu, "Kesho kliniki wanafungua saa ngapi?"

Saa mbili, nikamwambia.

Tutakwenda wote watatu, tupimwe. Labda wadudu wangu bado wanaiogopa dawa. Labda sijachelewa.

Ila nesi akiuliza nani alianza kugawa vile vidonge, je, nitathubutu kusema ni mimi?