Binti Yangu Ameniita Tiraunt

Jumapili alasiri, Aprili, Manassas, Virginia.

Chavua ya miti imefunika gari langu mpaka limekuwa la manjano, na leo nimepiga chafya kanisani kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka. Mchungaji alidhani ninalia. Nilimwacha adhani hivyo, maana hakuwa mbali sana na ukweli.

Jana nilimwona binti yangu jukwaani, akiwa mimi.

Ngoja nianze mwanzo nisije nikajichanganya. Kemunto ana miaka ishirini. Anasoma fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu kule Fairfax, na nyumbani hapa tunaishi wawili tu. Kabla ya Pasaka aliniambia anataka kuhama mwezi wa Agosti, akapange nyumba karibu na chuo pamoja na wasichana wawili wanaosoma naye. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini, na kila alipouliza nilimpa sababu mpya: usalama, chakula, barabara wakati wa theluji, na wazazi wa hao wasichana siwajui. Mwishowe sababu zikaniishia, nikabaki na ile ya wazazi wote duniani: kwa sababu nimesema.

Ndipo akaniambia, "Mum, you're such a tyrant."

Nilikuwa nasonga ugali. Nikageuka na mwiko mkononi. "Ati nini? Nani ana-tyrant nani kwa hii nyumba? Usini-tyrant mimi!"

Akacheka bila kupenda, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba anamaanisha neno lenyewe la kale, vile Waingereza walivyoliandika karne nyingi zilizopita: tiraunt. Wanalisoma darasani, akasema, na lina maana nyingi kuliko ninavyofikiri. Halafu akapanda chumbani na sahani yake. Mimi nimetukanwa na watu wa kila namna maishani, lakini kutukanwa kwa tanbihi ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Sikuweza kuliacha hilo neno. Kuna watu wakitukanwa wanasamehe na kuna watu wakitukanwa wanaenda kutafuta maana, na mimi ni wa kundi la pili. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na saa ya chakula cha mchana nilikaa na simu yangu nikisoma. Kumbe tiraunt wakati mwingine alikuwa mfalme tu, mtawala, bila ubaya wowote. Wakati mwingine alikuwa mtu aliyenyakua kiti kisicho chake. Kisha kuna dhalimu tunayemjua sote. Kuna mtesaji, yule anayetumwa na mkubwa kuumiza watu. Kuna mwovu wa kawaida, jambazi. Na hata ndege anayewinda wenzake aliitwa hivyo hivyo, kama huyu mwewe anayekaa juu ya nguzo za taa huku kwetu akihesabu kuchakuro.

Nilijaribu kujichagulia. Mfalme ningekubali. Mwewe pia, kwa shingo upande, maana naye ana makinda ya kulisha. Lakini nilijua binti yangu hakuwa akinisifu.

Nikamwambia kaka Jabari. Huyu ni Mmarekani mweusi tunayefanya naye kazi, yeye huwanyoosha wazee viungo. Alijifunza Kiswahili chuoni ujana wake na hapo ndipo alipojichagulia jina. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Hasemi neno bila tafadhali, wala haniombi hata kalamu bila kunitaka radhi kwanza. Akaniambia, "Dada yangu, hata jina langu lina tatizo hilo hilo. Nililichukua kwa sababu kitabu kilisema maana yake ni shujaa. Nilipokutana na bwana mmoja kutoka Pemba, akaniuliza ni nani aliyenipa jina la mtu wa mabavu."

Nikamuuliza, "Sasa wewe ni yupi?"

"Hilo huamuliwa na mke wangu kila asubuhi," akasema, akaenda zake akicheka.

Nyumbani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Kemunto alikuwa ananisalimia, anakula, anaosha vyombo, anapanda juu. Hakunikosea adabu hata kidogo, na hiyo ndiyo ilinitisha. Wenzake wanataka jibu kufikia kesho Jumatatu, la sivyo watamtafuta msichana mwingine. Ana miaka ishirini na hii ni Amerika. Angeweza kubeba mabegi yake na nisiwe na la kufanya. Lakini alikuwa bado anangoja niseme ndiyo, na mimi kila siku niliona jinsi uso wake unavyozidi kuchoka kungoja.

Nitasema ukweli hapa kwenye blogu yangu, kwa sababu huku ndiko ninakosemea ukweli. Siogopi theluji. Naogopa kurudi kutoka kazini nifungue mlango na nisikute viatu vyake vimetupwa pale sebuleni, nikose mtu wa kumfokea.

Katikati ya wiki aliniambia darasa lao litaigiza Jumamosi, nije kama nataka. Nilimuuliza ni mchezo gani. Akasema wameutunga wenyewe kwa mtindo wa zamani na yeye ndiye tiraunt. Nikaenda. Kaka Jabari naye aliposikia kwamba kutakuwa na Kiswahili jukwaani akaomba, tafadhali na samahani, nimruhusu kuja.

Ukumbi ulikuwa mdogo. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, alisimama akatueleza kwanza. Katika michezo ya zamani ya Uingereza, alisema, tiraunt alikuwa yule mfalme mkali anayeingia akinguruma, akishuka katikati ya watazamaji na kuwaamuru wanyamaze. Na mara nyingi aliwabadilishia lugha, akafoka kwa Kifaransa, kwa sababu wakati ule Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana. Hata asiyekielewa alijua anaamrishwa. Kwa hiyo aliwauliza wanafunzi wake swali moja: nyumbani kwenu, lugha ya amri ni ipi?

Mfalme wa kwanza alifoka kwa Kihispania. Wa pili kwa Kikorea. Halafu akaingia Kemunto wangu na taji la karatasi, amejifunga leso yangu ya jikoni, mkono mmoja kiunoni.

"Nyamaza! Nani amesema mnaweza kuongea? Kuja hapa. Si nakuita? Unaniangalia nini, na nimekuongelesha! Kwani mimi ni rika yako? Funga huo mlango, unataka tupashe moto Virginia yote? Weka hiyo simu chini. Kula yote, imalizike! Unalia? Ebu lia, nikupatie kitu ya kulilia!"

"Kitu cha kulilia," kaka Jabari akaninong'oneza, kwa upole.

Nyuma yetu kulikuwa na kina mama wawili wa kwetu Kenya, na hao walikuwa wameinama wanapigana mapaja kwa kicheko. Hata mimi nilicheka. Ungemwona! Alikuwa na ile sauti yangu ya asubuhi, na lile jicho langu la kanisani, lile ninalompa mtoto kutoka benchi la tatu bila kugeuza kichwa. Nikajisemea, jamani, na mimi miaka yote hii nimewaambia watu kwamba huyu mtoto hajui Kiswahili! Ninamwongelesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, nikadhani yameingia sikio hili yakatokea lile. Kumbe yote yako ndani, na lafudhi yake safi kabisa ya Kisii.

Kisha kicheko kikanikauka. Nilianza kungoja neno jingine. Nilingoja aseme kitu kingine chochote cha Kiswahili alichowahi kusikia kutoka kwangu, kitu kisichokuwa amri, na hakikuja, na nilipojaribu mimi mwenyewe kukumbuka kimoja nikamwonyeshe baadaye, sikukipata. Nikimsifu, namsifu kwa Kiingereza. Good job. Nikimwombea, naomba kwa Kiingereza ili aelewe. Alipougua homa akiwa mdogo nilimbembeleza kwa Kiingereza. Kiswahili nilikiweka kando kwa ajili ya vita.

Watu walipiga makofi wakasimama. Mimi nilisimama kwa kuchelewa.

Kaka Jabari aliondoka na gari lake, nasi wawili tukarudi nyumbani mpaka tukapita njia ya kutokea Centreville. Halafu nikamuuliza kuhusu ile t ya mwisho, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kuuliza kingine. Akafurahi. Aliniambia t haikuwepo kwenye neno la asili. Ilibandikwa kimakosa huko Ufaransa, kwa kuiga maneno yanayoishia hivyo, maneno ya mtu anayetenda jambo fulani. Kwa hiyo neno likaonekana kama si cheo tena, ni kitu ambacho mtu yuko katikati ya kukifanya.

"Kwa hivyo anaweza kuacha?" nikauliza. "Mtu anaweza ku-retire?"

Akatazama nje ya dirisha. Akasema, "I guess, Mum." Lakini niliona shavu lake likicheka.

Leo baada ya ibada nimefikiria sana, na nimejitetea kidogo, maana nisipojitetea mimi nani atanitetea? Kwetu Kisii, mama yangu alitubembeleza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Hadithi, utani, pole, mapenzi, vyote vilikuwa Ekegusii. Kiswahili tulikisikia kwa askari wa chifu, kwa mwalimu wa zamu na kwa karani wa hospitali. Simama hapo. Panga laini. Leta kitambulisho. Rudi kesho. Watu wa pwani wakinisoma watasikitika, wao Kiswahili wamenyonya na maziwa, wanabembelezana nacho toka alfajiri. Mimi nilikipokea kikiwa kimevaa buti, na nikampokeza mwanangu hivyo hivyo bila kukivua. Ekegusii sikumpa kabisa. Niliona ni lugha ya mbali mno kwa mtoto wa Virginia, na sasa naona nilimnyima ile ambayo mapenzi yangu yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake.

Hili limeniuma. Lakini sikutaka liniume tu bila faida, kwa hiyo nilivua viatu vya kanisani, nikaweka chai jikoni, nikafanya mazoezi. Kweli kabisa, nilifanya mazoezi mbele ya sufuria. Najivunia wewe: nikajisikia kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nakupenda: nikajisikia kama nyimbo za harusi. Kaka Jabari haya yanamtoka kama maji, mimi ulimi unakwama kama ninayejifunza leo. Nilikaribia kumpigia simu anifundishe. Nikasema hapana, hata mimi nina aibu yangu.

Nikaita kwa sauti niliyo nayo. "Kemunto! Kuja hapa!"

Nikasikia ngazi. Akasimama mlangoni na ule uso wa kujiandaa, mabega juu, na hapo nikajisikia mwenyewe nilivyoita.

"Yaani," nikasema, "njoo. Tafadhali."

Akaangua kicheko. Mimi pia. Tulicheka mpaka maziwa ya chai yakafurika, nikayafuta huku nimempa mgongo, na nadhani kumpa mgongo kulinisaidia.

"Mwanangu," nikasema.

Neno dogo hivyo. Sijui kama nimewahi kumwita hivyo. Huwa namwita kwa jina, au namwita wewe.

"Mwanangu, ile nyumba ya Fairfax, waambie unaichukua. Mimi nitakuletea sufuria na blanketi, na nitawajua wazazi wa hao wasichana hata wakijificha. Sikukataza kwa ubaya. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu. Jana nimekuona na nimefurahi mpaka nimeumia, mwanangu."

Yote hayo kwa Kiswahili, bila kupumzika, nikiangalia jiko. Nikadhani hakuelewa, au amerudi juu, nikaanza kutafuta namna ya kuyasema tena kwa Kiingereza.

Nilipogeuka alikuwa palepale mlangoni, mkono mmoja kiunoni, machozi yanamshuka na hayafuti. Binti yangu hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule. Alinitazama kwa lile jicho langu la benchi la tatu.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.