Ufa Uliopotea kwenye Picha

Chumba cha Nyuma,
Juu ya Duka la Mshonaji,
14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. U hali gani wewe, na shemeji, na lile goti lake? Sisi tu wazima, na Mama ni mzima. Nimemtaja Mama makusudi, maana najua habari za ukuta zimekufikia zikiwa zimetiwa chumvi.

Ni kweli, ule ukuta mrefu unaozuia kilima nyuma ya nyumba yetu umeanguka.

Jumanne ofisi yetu ya upimaji iliupima kwa leza. Leza hupiga nukta nyingi mno, kisha programu huziunganisha kuwa pembetatu ndogondogo, hadi ukuta mzima uonekane kwenye skrini. Pembetatu zilifika milioni mia tatu. Kompyuta yangu, yenye kumbukumbu fupi kama ya mlevi, ilijaribu kulifungua lile faili ikaganda. Mvua haikatiki, na mhandisi wa mji anasubiri picha hiyo aamue kama watu wa chini ya ukuta wahame.

Bosi akaniambia, "Punguza kote sawasawa, umtumie." Nikasoma faili kwa kurukaruka, nikabakiza nukta moja katika kila mia. Nikatuma. Saa tano mhandisi akajibu: "Ukuta hauna tatizo. Wabaki."

Nikashusha pumzi. Kisha nikautafuta ule ufa tuliokuwa tukificha kokoto ndani yake utotoni. Haupo! Kurukaruka kwangu kulikuwa kumeufuta.

Nikampigia mhandisi. "Usiitumie ile picha, nimekosea. Nipe saa tatu."

"Una hakika?"

"Mama yangu anaishi chini ya ukuta huo."

"Saa mbili."

Nikaukata ukuta vipande arobaini, nikawa nakiita kimoja kimoja kutoka kwenye diski ili kumbukumbu isielemewe. Palipo bapa nilifuta pembetatu bila huruma. Palipopinda au kupasuka niliziacha. Kingo sikuzigusa, vipande visije vikakataa kuungana. Kila kimoja kilikula dakika mbili tatu, nami nimekaa nikiuma kucha. Kipande cha ishirini na sita ufa ukajitokeza, mpana wa vidole vitatu, na chini yake ukuta umeota kitambi. Sikungoja vilivyobaki. Nikatuma hicho.

"Watoke," mhandisi akasema. "Sasa hivi!"

Nilikimbia mwenyewe. Mama alikuwa anakunja nguo. "Ngoja nimalize hizi," akaniambia. Nikambeba mgongoni, naye ananitandika makofi ya bega mbele ya mtaa mzima. Saa kumi jioni ukuta ukashuka. Nyumba sita zimekwenda, yetu ikiwa ya pili. Hakuna aliyeumia. Jirani yetu seremala anatania kwamba hatukuziba ufa, sasa tutajenga ukuta na nyumba juu yake.

Watu wananishika mkono barabarani, Dada, nami natamani ardhi inimeze. Hawajui kwamba picha yangu ndiyo iliyosema wabaki. Jana nilishindwa kula, nikamwambia Mama yote.

Akaniuliza, "Ulipoona umekosea, ulifanya nini?"

"Nilipiga simu."

"Basi kula."

Msalimie sana shemeji, na shangazi, na umbusu mtoto wenu Kipipa. Mungu awalinde nyinyi na kuta zinazowazunguka.

Mdogo wako akupendaye,
Kibiriti