Kadi Niliyokusomea Uongo

Mama,

Ile kadi ya kliniki niliisoma yote. Nilipokwambia daktari ameandika unaendelea vizuri, hakuandika hivyo. Sijamwambia mtu, hata Baba, hata padri.

Tulikuwa tumekaa kwenye gogo nje ya kliniki. Uliipangusa vumbi kwa khanga yako, ukanipa kwa mikono miwili kana kwamba mimi ndiye mkubwa. "Haya, mayu, mwanangu, hicho Kiingereza tunachokusomeshea kinasemaje?"

Kilisema damu yako imepungua sana. Usibebe maji. Ukajifungulie hospitali, si nyumbani.

Nilielewa kila kitu, Mama. Na papo hapo nikajua nani atabeba maji. Tangu tuhamishiwe kijiji kipya mto uko mbali, na mwaka ule ulikauka ukabaki mchanga wa kuchimba. Jirani alishamtoa binti yake shule kwa ajili ya ndoo. Mimi mtihani wa darasa la saba ulibaki mwezi mmoja. Nikasema moyoni, nitamwambia nikimaliza. Mwezi mmoja tu. Nikakusomea kwamba unaendelea vizuri.

"Basi mimi ni ng'ombe mzima," ukacheka. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanakufa, maziwa tumeshayasahau. Ulikuwa unatafuna michembe ya viazi vikavu na udongo wa kichuguu, uji unaniachia mimi.

Nilikuwa naona. Ulivyopiga magoti kwenye shimo, unachota kata moja, unasubiri yajae, unachota tena. Wenzako wananitania, "Kabula, si ulikuja na mvua wewe? Iite basi!" Nawe unacheka nao, midomo imepauka.

Uchungu ulikukuta palepale mchangani. Damu haikukatika. Walikubeba juu ya kitanda cha kamba, mimi nikarudi na ndoo yako. Sikumwaga hata tone. Sijui kwa nini nakwambia hilo.

Mtihani sikuufanya. Siku hiyo tulikuwa tunakuzika.

Mtoto yupo. Bibi alimwita Nzala, kwa kuwa alizaliwa na njaa. Anasimama sasa, akishika ukuta. Mwalimu mkuu amenikubalia nirudie darasa, na mtihani umekaribia tena. Mvua nayo ilinyesha kidogo ikakata.

Mdogo wako ndiye anayetulea. Mumewe yuko Geita anachimba dhahabu, naye mama mdogo ana mimba. Jana alinipa kadi yake. "Nisomee, mwanangu." Mama, maneno ni yaleyale. Nikamwambia macho yananiuma, nitasoma kesho. Nikisoma, ndoo ni yangu, na shule basi.

Kesho yenyewe ndiyo leo. Namsikia anatoka mtoni, makatambuga yake ya tairi yanaburuta, anahema. Barua hii nimekuwa nikiisukuma chini ya mkeka kila mtu akipita mlangoni. Sasa naiacha wazi hapa mkekani, na kadi juu yake.

Lala, Mama. Nitampokea ndoo kwanza. Halafu nitamsomea kila neno.

Kabula wako