Mkojo wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Leo Sista, muuguzi wa kliniki, kanisifu mbele ya watu! Wagonjwa wangu kumi na mmoja ninaowafuatilia majumbani, wote wana virusi vya UKIMWI kama mimi, wote wamepewa dawa ya kuzuia kifua kikuu kwenye yale makopo yenye chipu. Ukifungua tu, kifuniko kinaandika saa. Makopo yote safi — yamefunguliwa kila siku! Mimi, darasa la tano, dereva niliyevuka mipaka mingi kuliko balozi, nawapiku wenye diploma. Nikamwambia Sista kazi hii si elimu, ni mdomo. Akacheka. Halafu akasema Ijumaa atapima na mkojo: kijiti kikigeuka bluu, mtu amemeza. Pima, Sista! Wangu watakuwa bluu kama ovaroli mpya.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa Fundi, yule mgonjwa wangu, dada wa cherehani. Nikaingia na mizaha yangu ya mkojo. Hakucheka. Akafunga mlango, akatoa mfuko wa plastiki chini ya vitambaa. Vidonge ishirini na tatu! Kila asubuhi anafungua kopo, anatoa kimoja, anakitia humo.

Nyayo zinawaka moto tangu aanze dawa, anasema, kisha zinakufa ganzi. Kanyagio la cherehani halisikii. Wiki jana kaharibu sare sita za shule. "Miguu ikinitoka, kaka, wanangu watakula nini?"

Mbona hukusema?

"Ungeuweka wapi uso wako kwa Sista? Kila ukija unaimba, watu wangu hakuna anayeniangusha. Nikaona haya kuwa wa kwanza."

Aisee. Mdomo wangu huu!

Nikamwambia twende kliniki, kuna vitamini za kutuliza hiyo ganzi. Hataki. Dada yake alikufa kwa kifua kikuu, na watu walisema kajitakia kwa kuacha dawa. Akanishika mkono. "Wewe si unameza dawa hizi hizi? Niazime mkojo."

Nimeombwa vingi duniani: lifti, shati, hata jino la dhahabu. Mkojo, mara ya kwanza! Nimecheka hadi machozi. Yeye hakuuachia mkono wangu.

Nikasema haya, nitakuazima.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeirudisha sahani ikiwa imejaa. Mke wangu kauliza nani kafa. Nikamjibu hakuna. Bado.

Ijumaa, 8 Machi — benchi la kliniki, saa tatu asubuhi

Kikopo cha mkojo wangu kimo mfukoni mwa koti. Bado cha moto. Mpango: Fundi akitumwa chooni, anakuta changu dirishani. Amekaa kando yangu. Anakohoa kidogo. "Vumbi tu, kaka," anasema.

Sikumuuliza.

Sista kamwita apime uzito kwanza. Akanitania mlangoni, bingwa leo mbona kimya? Nikamwambia nasali.

Fundi kaingia. Ndara yake ya kushoto imebaki hapa sakafuni, imemchomoka alipoinuka. Hajajua! Kakanyaga saruji baridi na mguu mtupu, hatua sita nzima, nimezihesabu. Hata kutazama chini hakutazama.

Nimeiokota. Mlango hawajaufunga. Namsikia Sista: "Na miguu vipi, mama?"

"Salama kabisa."

Naandika nimesimama, ndara kwapani. Sista kaniona. Ananiuliza hiyo ni ya nani —